Mabuu wa Kuku Katika Baridi ya Njoro

Bibi yangu mzaa mama, kule Magharibi, hakuwahi kununua chakula cha vifaranga. Jioni alijaza chungu kikuukuu kwa samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya mahindi yaliyoloweshwa, akakifudikiza juu ya tundu la mchwa na kuziba kando kwa matope. Alfajiri alikibinua kikiwa kinachemka mchwa, akawakung'utia vifaranga wake. Hata wale waliokuwa bado na manyoya machache tu walikimbilia pale kama watoto wanaoitiwa uji.

Nakikumbuka chungu kile kila mara ninapoufungua mfuko wa chakula cha dukani. Bei ya chakula cha kuku ilipopanda 2021 na 2022, wafugaji wengi wadogo wa hapa Njoro waliuza kuku wao kabla hata hawajaanza kutaga. Kinachokifanya chakula kile kiwe ghali ni protini: omena wa Ziwa Victoria, ambao hata binadamu tunawagombea, na soya, ambayo nyingi hutoka nje ya Kenya. Mara nyingi omena wa kulishia mifugo hufika wakiwa wamechanganyika na mchanga, na mchanga huo unaulipia kwa kilo. Protini hiyo unaweza kuizalisha mwenyewe nyuma ya jikoni, kwa maganda ya viazi. Ila Njoro ina baridi, na maelekezo mengi yanayosambazwa kuhusu kazi hii yameandikwa na watu wa nchi zenye joto. Nakuandikia wewe unayevaa sweta hadi saa nne asubuhi.

Mdudu ninayemzungumzia ni nzi askari mweusi, ambaye wafugaji wengi humwita kwa herufi tatu tu za jina lake la Kiingereza, black soldier fly: BSF. Ni mweusi, mwembamba, mrefu kuliko nzi wa nyumbani, na kwa haraka unaweza kumdhania nyigu. Haumi, haingii jikoni, wala hatui kwenye chakula cha watu. Akishakuwa mkubwa huishi takribani wiki moja au zaidi kidogo, akitegemea mafuta aliyojiwekea utotoni. Kula alikula alipokuwa buu, na huyo buu ndiye tunayemtaka. Nitawaita mabuu, kwa sababu hapa Kenya ukisema funza, mtu huanza kujitazama vidole vya miguu.

Buu aliyekaushwa ana protini kama asilimia 40, na mafuta mengi juu yake. Ana pia kalisi kwa wingi kuliko wadudu wengine wanaofugwa, na kuku wa mayai atakushukuru kwa ganda gumu.

Joto kwanza

Wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 na chenye makao yake Kasarani, Nairobi, wamempima nzi huyu katika viwango mbalimbali vya joto, na wakaona kwamba nyuzijoto 30 hivi ndizo zinazomfaa zaidi. Katika joto hilo, yai huanguliwa kwa siku tatu au nne, na buu huwa tayari kuvunwa katika wiki mbili. Joto likishuka, kila kitu hujikokota. Likikaribia nyuzijoto 15, mayai mengi hufa au hukaa tu.

Sasa fikiria Njoro. Tuko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, upepo wa Mau unatushukia, na usiku wa Julai maji ya kwenye ndoo huuma vidole. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua mayai mwezi huo huo wa Julai, nikayaweka kwenye banda la mabati kama nilivyoelekezwa na aliyeniuzia. Siku ya nne sikuona kitu. Siku ya nane sikuona kitu. Siku ya kumi nilitupa. Mayai yalikuwa mazima. Mahali nilipoyaweka ndipo palipoyaua.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba mabuu hawahitaji joto lile lile maisha yao yote, na hapo ndipo mfugaji wa nyanda za juu anapopata nafasi yake. Tangu yai hadi siku tano au sita baada ya kuanguliwa, buu akiwa na ukubwa wa punje ya mchele mdogo, joto ni la lazima. Baada ya hapo mabuu wakiwa wengi pamoja hujipasha wenyewe: wanavyokula na kusukumana, beseni hutoa mvuke asubuhi hata nje kukiwa na umande mweupe. Na mwishoni, wakishakomaa, baridi yetu inageuka kuwa msaada, maana buu aliyekomaa akiwekwa penye ubaridi hutulia bila kugeuka nzi kwa wiki kadhaa. Mtu wa Mombasa hana nafasi hiyo.

Kwa hiyo usihangaike kupasha banda zima. Pasha kisanduku kimoja tu, kwa siku hizo za mwanzo.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kutumia joto la vifaranga. Ukiwa na vifaranga wa wiki ya kwanza, tayari unalipia taa au jiko la kuwapa nyuzijoto 32 hadi 35. Chukua mkebe wa plastiki wenye kifuniko kilichotobolewa matundu madogo, weka mayai yako ndani, na uutundike juu ya mahali vifaranga wanapolala, mbali na midomo yao. Joto moja, kazi mbili. Panga siku za kununua mayai ya nzi zilingane na siku za kuletewa vifaranga.

Usipokuwa na vifaranga, tafuta yale masanduku mepesi meupe yanayosafirishia samaki. Weka ndani mkebe wa mayai pamoja na mitungi miwili ya lita tano yenye maji moto, iliyofungwa kwa gunia. Badilisha maji jioni kabla ya kulala na alfajiri. Kipimajoto cha bei ndogo kikae humo humo. Usiamini kiganja chako, kwa sababu kiganja kilichotoka kushika maji baridi huona kila kitu ni moto.

Mwenye ng'ombe ana njia ya tatu. Lundo la samadi mbichi iliyochanganywa na majani makavu, likiwa na urefu wa kiuno, huchemka lenyewe, na katikati linaweza kupita nyuzijoto 50. Sanduku likizikwa pembezoni mwa lundo, si katikati, hupata joto la kutosha mchana na usiku bila senti moja. Pima mara mbili kwa siku, ulisogeze nje au ndani hadi upate mahali pake.

Njia moja nakukataza: jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake imeua watu wazima wakiwa usingizini katika nyumba zetu hizi hizi za nyanda za juu, na hakuna buu anayestahili hatari hiyo.

Nunua mayai, nzi waache kwanza

Wanaoanza wengi hutaka mzunguko mzima: mayai, mabuu, mapupa, nzi, mayai tena. Ni tamaa nzuri, lakini kwa Njoro nakushauri uiahirishe mwaka mzima. Nzi hupandana kwenye mwanga mkali wa jua, na asubuhi zetu za ukungu huwanyima mwanga huo. Utahitaji chandarua ndani ya kivungulio, maji ya kunyunyizia, vipande vya mbao vyenye nyufa ambamo majike hutaga, na uvumilivu mwingi. Jike hutaga mara moja tu, mayai yanayofika mamia, kisha anakufa. Juma moja la mawingu linatosha kukuvurugia ukoo mzima.

Mayai huuzwa kwa gramu, na gramu moja ina zaidi ya mayai 30,000. Ni kitu cha kutia mfukoni. Kama una ndugu au rafiki Marigat au Mogotio, kule chini ambako joto halikosekani, zungumza naye: yeye afuge nzi, wewe ufuge mabuu, na mayai yapande kwa matatu hadi Nakuru. Safari ya saa chache haiyadhuru yakifungwa kwenye karatasi ndani ya mkebe, mbali na jua. Kwake mabaki ya mboga ni haba. Kwako ni tele. Sioni mgawanyo wa kazi ulio bora zaidi katika Bonde hili la Ufa.

Mayai yakifika, usiyaweke moja kwa moja kwenye uchafu. Chukua vikombe viwili vya chakula cha vifaranga cha dukani, kiloweshe hadi kiwe kama ugali laini, kitandaze kwenye mkebe. Juu yake weka kipande cha wavu, na mayai yakae juu ya wavu. Yakianguliwa, watoto wadogo kama vumbi wataanguka wenyewe kwenye chakula. Hapa usibane matumizi. Chakula hiki kidogo kizuri cha siku tano ndicho kinachoamua kama utavuna au utalia.

Beseni

Siku ya tano au ya sita baada ya kuanguliwa, wahamishe. Beseni la sentimita 60 kwa 40, lenye kina cha kiasi cha shibiri moja, linabeba mabuu 10,000. Huwezi kuwahesabu wote, kwa hiyo hesabu wale walio kwenye kijiko kimoja kidogo mara moja, kisha pima kwa vijiko. Beseni hilo litakula kilo 15 za mabaki mabichi tangu siku hiyo hadi mavuno, ukiwapa kwa awamu tatu. Penye joto zuri humaliza kwa siku 12. Hapa kwetu, kwenye chumba kinachopakana na jikoni, hesabu wiki mbili na nusu hadi tatu. Utapata kilo mbili hivi za mabuu wabichi.

Chakula kisizidi kina cha vidole vinne. Kikiwa kirefu zaidi, chini hakuna hewa, kinachacha na kunuka, na mabuu wanapanda ukutani kutoroka. Unyevu upime kwa mkono: kamua konzi moja, yakidondoka matone mawili matatu umepata, yakitiririka, ongeza pumba za ngano au maranda. Viazi na kabichi vina maji mengi mno vikiwa peke yake, ndiyo maana huku kwetu gunia la pumba linapaswa kukaa karibu na beseni siku zote. Tuko kwenye nchi ya ngano, na pumba hazijawahi kututupa.

Harufu itakuambia mengi. Beseni lenye afya hunuka kama udongo uliochachuka kidogo. Likinuka kama mkojo, umezidisha chakula chenye protini au umelifunika sana. Likinuka yai bovu, maji yamezidi. Katika hali zote mbili geuza chakula kwa koleo dogo, ongeza pumba, na usilishe tena hadi harufu ipungue.

Miguu ya meza isimame kwenye mikebe yenye maji na matone ya mafuta, la sivyo siafu watakumalizia kazi ya wiki tatu kwa usiku mmoja. Juu funika kwa chandarua kilichofungwa kwa mpira, kwa ajili ya panya na nzi wa nyumbani.

Ukitazama hesabu, utaona kilipo kikwazo halisi. Kuku 30 wa mayai nawapa nusu kilo ya mabuu wabichi kwa siku, pamoja na nafaka na majani yao. Kwa wiki tatu hiyo ni kilo kumi na nusu, yaani mabeseni matano, yaani kilo 75 za mabaki, karibu kilo tatu na nusu kila siku. Jikoni mwako hamtoki kiasi hicho. Lazima utoke.

Nilianzia kwa mama mboga mmoja wa sokoni, nikimwomba majani ya nje ya kabichi. Aliniangalia, akasema, "Baba, hayo yana wenyewe. Mwenye ng'ombe huja saa kumi." Alikuwa sahihi, na ndivyo utakavyokuta kila mahali: majani mazuri ni ya ng'ombe na maganda mazuri ni ya nguruwe. Kwa hiyo usishindane nao. Omba kile wanachokikataa: nyanya zilizopasuka, viazi vilivyooza vinavyoshushwa kutoka Mau Narok na Molo, maparachichi meusi, mabaki ya githeri na ugali ya hoteli ndogo. Mabuu hawachagui. Nilimwachia mama yule ndoo yenye kifuniko, naichukua kila jioni na kumrudishia ikiwa safi, na kila mwezi nampelekea trei ya mayai. Sasa ananiwekea hata vya majirani zake.

Jambo hili liangalie kwa makini kuliko yote. Tunaishi katika nchi ya pareto. Ua lile jeupe linalokaushwa Molo na kwingineko Nakuru ni sumu ya wadudu, na mabuu wako ni wadudu. Usitumie kamwe mabaki ya pareto, wala mboga zilizopuliziwa dawa juzi. Muulize mkulima alipulizia lini. Asipokumbuka, weka majani yake kwa mabuu mia moja kwenye kopo na usubiri siku mbili. Usiwape pia nyama, mizoga ya kuku wala kinyesi cha kuku wale wale utakaowalisha, kwa maana magonjwa yatazunguka humo kwa humo.

Kuvuna

Mabuu wakiwa weupe wa rangi ya maziwa na wanene, ndio wazuri zaidi kwa kuku. Chekecha kwa wavu wenye matundu ya milimita tatu hivi. Mbolea hupita chini, mabuu hubaki. Chakula kiwe kimekauka kidogo siku hiyo, ama sivyo utachekecha matope.

Ukichelewa hugeuka kahawia, kisha weusi, na huacha kula. Hapo hujivuna wenyewe: buu mweusi huondoka kwenye unyevu kutafuta mahali pakavu penye giza. Ukiegemeza ubao wenye mteremko wa kadiri ndani ya beseni, na ndoo yenye pumba kavu chini ya ncha yake ya nje, asubuhi utakuta ndoo imejaa. Ni jambo zuri kuwaonyesha watoto. Wangu waliamka kabla ya jogoo kwenda kuitazama ndoo.

Mabuu wabichi uliowavuna wasafishe kwa pumba kavu, uwaweke kwenye sanduku wazi lenye pumba, mahali baridi pasipofika jua. Chumba changu cha upande wa kusini hubaki chini ya nyuzijoto 15 muda mwingi wa mwaka, na mabuu hukaa humo wiki mbili bila kufa na bila kukua. Kwa hiyo hata mayai ya gramu moja yakianguliwa yote pamoja, unaweza kupanga mavuno yako: beseni moja likae karibu na ukuta wa jikoni, la pili mbali kidogo, la tatu kwenye baridi lisubiri zamu.

Vifaranga wa chini ya wiki mbili wape wachache waliokatwakatwa. Kuku wakubwa watupie jioni, wakiwa wanarudi bandani. Utaacha kabisa kuwakimbiza. Lakini usiwape mabuu peke yake. Mafuta yao ni mengi, na kuku aliyenona kupita kiasi hupunguza kutaga.

Wa kukausha, watumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, kisha watandaze kwenye wavu juani. Januari na Februari ndiyo miezi ya kazi hiyo hapa. Wakivunjika kwa sauti ya ukavu ukiwaponda, wafunge kwenye mkebe usioingiza hewa. Ukitaka kuwauzia watu, elewa kwamba tangu 2017 Kenya ina kiwango rasmi cha bidhaa za wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo, kilichowekwa na Shirika la Viwango, KEBS. Pata nakala yake kabla hujachapisha lebo.

Kilichobaki chini ya wavu ni mbolea. Usiipeleke shambani moja kwa moja, kwani ikiwa mbichi huchoma miche. Ilundike kwenye kivuli, iloweshe, igeuze kila wiki kwa mwezi mmoja hivi. Sukuma wiki ya kando ya banda langu haijaonja mbolea ya dukani tangu nianze.

Kuna vijana waliowahi kuniuliza kama mabuu hawa wanafaa mijusi na kasa wa kufugwa. Wanafaa sana, Marekani huuzwa kwa wafugaji wa mijusi kwa sababu hiyo hiyo ya kalisi. Lakini hapa Kenya, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, huwezi kufuga mnyama wa porini bila kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS. Vinyonga wa msitu wa Mau waache matawini. Mwenye kibali awape mabuu wadogo wadogo, waliolelewa kwenye mboga safi tu.

Mayai yako ya kwanza yaagize mwishoni mwa Desemba. Januari hadi mwanzo wa Machi ndiyo miezi yetu yenye jua, na makosa ya mwanzo huponyeka kwa urahisi. Mvua ndefu zikianza, punguza mabeseni yawe matatu na uyahamishie ukuta wa jikoni. Ifikapo mwisho wa Juni, acha kununua mayai kama huna vifaranga wa kushiriki nao joto. Kwa Julai yote fungua mikebe ya mabuu waliokaushwa Februari: gramu tano kwa kila kuku kwa siku, zilizolowekwa usiku kwenye maji ya vuguvugu, zikichanganywa na pumba.